Mkwe Nyuma ya Pazia

Bagenda alikuwa na mambo manne maishani: mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo, shahada ya saikolojia, vyumba viwili vya kupanga alivyovifanya kliniki juu ya mwamba kule Pasiansi, na mama mkwe. Katika hayo manne, lililomtoa jasho ni la mwisho.

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Unabandikwa waya tatu kichwani kwa jeli ya baridi, nyingine mbili masikioni, unakaa kwenye kiti mbele ya skrini, na kompyuta inausikiliza umeme mdogo unaopita kichwani mwako. Kwenye skrini kuna mtumbwi. Ubongo ukitulia na kushika jambo moja, mtumbwi unakwenda mbele umenyooka. Ukianza kuhangaika, mtumbwi unapinda. Hakuna anayekuamuru chochote. Wewe unatazama tu, na ubongo ukishagundua kwamba kuna namna ya kukaa inayounyoosha mtumbwi, unaanza kuitafuta wenyewe, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka inakuwa mazoea. Wapo wataalamu wanaoapa kwamba mazoezi haya yanaongeza umakini, na wapo wanaosema ushahidi bado haujatosha. Bagenda, ambaye ukweli ulimzidi kipimo kwa mtu anayetafuta wateja, aliwaeleza wateja wake yote mawili siku ya kwanza. Ndiyo maana hawakuwa wengi.

Sasa huyu mama mkwe. Jina lake ni Adongo, mzaliwa wa Shirati, lakini mtaa mzima wa Kirumba unamwita Mama Faith kwa jina la binti yake mkubwa, ambaye ndiye mke wa Bagenda. Anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, na kwa miaka kumi na moja ndiye aliyekaa nyuma ya mtumbwi wa akina mama wa Mwaloni katika mashindano ya makasia ya kila Desemba. Wenzake kumi wanapiga makasia na kuimba. Yeye peke yake, kule nyuma, anashika kasia refu la kuongozea na kuamua mtumbwi uelekee wapi. Mnatoka ufukweni, mnakwenda mpaka kwenye boya jekundu, mnalizunguka, mnarudi.

Mwaka jana Mama Faith hakulizunguka boya. Walikuwa wanaongoza, tena kwa mbali, watu wameshaanza kuwapigia vigelegele. Mtumbwi ukafika jirani na boya, ukayumba, ukalipita, ukaendelea na safari utadhani wanakwenda Kamanga, ng'ambo ya maji, kusalimia ndugu. Mpaka wanafanikiwa kuugeuza, mitumbwi mitano ilikuwa imeshawapita. Hakuna aliyeelewa. Ziwa lilikuwa limetulia, na upepo haukuwa wa kutajwa. Mama Faith alipoulizwa alisema, "Sijui. Akili iliniruka," akachukua ndala zake akaenda zake nyumbani.

Mtu wa miaka hamsini na tisa akishasema neno kama hilo kwa mdomo wake, watu hawaliachi. Mwaloni wakaanza kumsema chini kwa chini. Mliona alivyosahau ndoo yake kwenye chanja ya kuanikia? Mliona alivyomwuliza yule mteja jina lake mara mbili? Mambo ambayo kila mtu anayafanya, kwake yakawa dalili. Ikafika mahali Mhoja, kiongozi wa kikundi, mwanamke wa Kisukuma mwenye sauti kubwa na huruma kubwa zaidi, akaenda mwenyewe nyumbani kwake.

"Dada, mwaka huu kasia ni lako, kwa heshima," Mhoja alimwambia. "Lakini mtumbwi ukipotea tena, kiti tunampa mtu mwingine. Nimekuja kukuambia mimi mwenyewe ili usije ukalisikia sokoni."

Mama Faith alimmiminia chai na kusema amesikia.

Faith alipopata habari hizo hakulia wala hakumpigia mtu simu. Alimgeukia mumewe mezani.

"Si wewe unatibu akili za watu?"

"Sitibu. Nafanyisha mazoezi."

"Basi mfanyishe mama mazoezi."

Bagenda aliweka kijiko chini. "Nimshike mama kichwa? Mimi?"

Hapa inabidi niwaeleze jambo wale ambao hawajaoa Shirati. Kwa watu wa Faith, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anapanda jiwe mwingine apite. Salamu ipo. Bagenda anasema "Shikamoo, mama," naye anaitikia "Marahaba" huku akitazama ukuta. Baada ya hapo kila neno linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wamekaa chumba kimoja na wote wawili wana masikio mazima. Bagenda, Mhaya wa Kamachumu, hakuona ugeni, maana hata kwao mama mkwe haguswi. Tofauti ni moja tu: kwao salamu haiachwi. Mhaya aliyelelewa vizuri hampiti mkubwa wake bila kumsalimia, hata kama huyo mkubwa yuko juu ya mti. Na Bagenda alilelewa vizuri kupita kiasi.

Basi wakapanga. Angela, msaidizi wake pale kliniki, msichana mtulivu asiyecheka ovyo, ndiye angebandika waya. Bagenda angekaa na kompyuta yake nyuma ya pazia la kijani, hatua tatu kutoka kwenye kiti. Asingemwona mama mkwe wake, na yeye asingemwona. Mila ilindwe, na sayansi nayo ifanye kazi yake. Bagenda alijivunia sana mpango huo, akaamini kwamba kila tatizo limeshapatiwa dawa.

Mama Faith angeweza kukataa. Lakini kumkatalia mkwe anayetaka kukusaidia nako ni kumvunjia heshima, kwa hiyo alikuja, siku ya Jumanne saa nne kamili, amevaa gauni la kanisani, amesuka nywele upya, na waya ikabidi zitafutiwe nafasi katikati ya mistari.

"Shikamoo, mama," pazia lilisema.

"Marahaba," alijibu, akautazama ukuta.

Mtumbwi ukatokea kwenye skrini. Mama Faith aliukagua kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu anayejua mitumbwi.

"Angela, mwambie mkwe mtumbwi wake hauna mpigaji. Unaendaje?"

Angela akaligeukia pazia. "Mama anasema mtumbwi hauna mpigaji."

"Mwambie mama mpigaji ni ubongo wake."

"Anasema mpigaji ni ubongo wako, mama."

Mama Faith akafikiri. "Mwambie basi huo ubongo umekaa upande mmoja. Mtumbwi unapinda."

Na kweli ulipinda. Ulipinda siku hiyo, ukapinda Alhamisi, ukapinda wiki iliyofuata na iliyofuata. Wanafunzi wa kidato cha sita walikuwa wakikaa kwenye kiti kile kile na kuunyoosha mtumbwi baada ya siku nne. Kuna golikipa mmoja aliyeunyoosha siku ya pili, halafu akasinzia. Kwa Mama Faith mistari ya mawimbi ilipanda juu na kukaa huko huko, imebana, inatetemeka, kama ya mtu anayesubiri kuitwa mbele ya hakimu.

Bagenda hakukata tamaa. Alihamisha waya. Alibadilisha jeli. Alimwandikia mwalimu wake wa zamani barua pepe ndefu yenye michoro. Na muda wote huo hakusahau adabu hata kidogo. Kila akiingia alimsalimia mama mkwe wake, akamwuliza kupitia kwa Angela kuhusu afya, nyumbani, majirani, kuku. Halafu, kwa kuwa alijua mtu aliye upande wa pili wa pazia anaweza kujisahau na kusema jambo lisilofaa masikioni mwa mkwe, kila baada ya dakika chache alikohoa kidogo, kwa ustaarabu, kumkumbusha kwamba yupo.

Wiki ya tano ilipoisha, Bagenda alianza kuogopa. Alikuwa amemchukua mama mkwe wake ili awanyamazishe watu wa Mwaloni, na sasa alikuwa na karatasi kumi zinazosema watu wa Mwaloni wana haki. Faith alimwuliza kila jioni, "Vipi mama?" naye akajibu, "Anaendelea," akajichukia. Alimpenda yule mama, ingawa kwa miaka mitatu ya ndoa hawajawahi kuongea sentensi moja kamili ana kwa ana. Kila mwezi alitumiwa mfuko wa dagaa waliochambuliwa mchanga mpaka wa mwisho, bila salamu wala maelezo, na alijua mkono uliowachambua ni wa nani.

Wiki tatu kabla ya mashindano, chaja ya kompyuta ilikufa. Bagenda akaipeleka kwa fundi wake wa mtaa wa Mirongo asubuhi, akamwachia Angela kompyuta ya akiba na maagizo kwamba mama akifika waanze bila yeye. Fundi alimchelewesha. Aliporudi, saa nne ilikuwa imeshapita kitambo. Akapiga hodi, akasalimia, akauliza nyumbani na kuku, akakaa nyuma ya pazia, akakohoa. Zoezi likamalizika, Mama Faith akafutwa jeli, akaondoka.

Bagenda alifungua kumbukumbu za siku hiyo akitegemea karatasi ya kumi na moja ya huzuni. Alichokiona hakukiamini. Kwa dakika ishirini na moja mistari ilikuwa imelala chini, mipana, imetulia, mizuri kuliko ya mteja yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti kile. Mtumbwi ulikuwa umekwenda umenyooka dakika zote ishirini na moja. Kisha, saa nne na dakika ishirini na sita, mistari ikaruka juu kwa mkupuo na haikushuka tena.

"Angela, ilitokea nini saa nne na ishirini na sita? Waya ilichomoka?"

Angela aliangalia kidaftari chake. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. "Hapana. Ulifika wewe."

"Baada ya hapo?"

"Ukasalimia. Ukauliza kuku. Halafu ukakohoa." Alifungua kurasa za nyuma. "Kwa kawaida unakohoa mara tisa, kaka. Nilikuwa nimepanga kukushauri upime kifua."

Bagenda akarudisha kumbukumbu za wiki zote, akaziweka pamoja na daftari la Angela. Kila kikohozi kilikuwa na kilima chake. Kila salamu ilikuwa na mlima. Kwa wiki tano alikuwa amepima kwa uangalifu mkubwa, kwa mashine ya kisasa, jinsi mwanamke wa Shirati anavyojisikia akiwa amekaa hatua tatu kutoka kwa mkwe wake. Akili ya mama ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibaya kwenye chumba kile kilikuwa nyuma ya pazia.

Nyumbani, Faith alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alijifuta machozi, akaanza upya, akajifuta tena. Halafu akamtazama mumewe kwa namna ambayo Bagenda hakuipenda.

"Mwaka jana, mtumbwi ulipofika kwenye boya, wewe ulikuwa wapi?"

"Ufukweni, na watu wengine. Unajua. Walikuwa wanaongoza, nikafurahi, nikamwomba mshereheshaji kipaza sauti dakika moja, nikamsalimia mama na..."

Hakumaliza. Alikumbuka vizuri kabisa. Alikuwa amepanda juu ya kreti za soda, akaweka mkono kifuani, na spika mbili kubwa zikapeleka sauti yake juu ya maji mpaka kwenye boya: shikamoo, mama mkwe, mkweo Bagenda nakusalimia, pole na kazi. Watu walishangilia. Alishuka kwenye kreti akijiona mkwe wa mfano.

Siku ya zoezi iliyofuata aliingia kliniki kimya. Alisubiri Angela amalize kubandika waya, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Angela, mwulize mama kama mwaka jana ilikuwa ni mimi."

Angela aliuliza. Kwenye kompyuta ya Bagenda mistari ikapanda.

"Mwambie mkwe, jambo kama hilo halisemwi."

"Anasema jambo kama hilo..."

"Nimesikia," Bagenda alisema. "Mwambie nasubiri."

Mama Faith akashusha pumzi. Alipoanza kuongea alimtazama Angela usoni, lakini sauti aliipandisha kidogo ili ivuke pazia.

"Kasia la nyuma halishikiki na kitenge kimeshuka miguuni. Tunakifunga juu ya magoti, wote. Sasa niko hivyo, magoti nje, jasho linanitoka, tunaimba zile nyimbo zetu ambazo si za kanisani, na salamu ya mkwe inafika. Ziwa zima limeisikia. Ningefanyaje? Niliachia kasia nikakishusha kitenge. Na kuitikia niliitikia, ila yeye alikuwa mbali."

Angela, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka maneno tu, safari hii alijisahau akauliza swali lake mwenyewe. "Sasa mama, kwa nini hukusema? Mwaka mzima wanakusema vibaya."

"Niseme nini? Kwamba mume wa mwanangu ndiye aliyeupoteza mtumbwi? Hao wa Mwaloni unawajua. Wangemtungia wimbo, na angeusikia kila anapokuja kununua samaki mpaka azeeke. Mimi wakisema nimechoka akili, ni sawa. Nina umri wa kusemwa hivyo."

Nyuma ya pazia Bagenda alivua miwani. Alikuwa analia na hakujaribu kujizuia. Mwanamke huyu alikubali jina la mzee aliyechoka akili, akakubali na kiti chake kiwekwe rehani, ili yeye asiitwe mkwe asiye na adabu. Halafu akaja kwenye kliniki yake mara mbili kwa wiki, na kichwa chenye afya, akabandikwa waya, kwa sababu kukataa kungemwumiza. Na yeye akamkoholea.

Akajifuta uso, akasema, "Mwambie mama naomba anisamehe. Na kuanzia leo mimi nitakaa nje. Tuna wiki tatu, tunaanza upya, atafanya vizuri sana. Na siku ya mashindano sitakuja."

Angela alipeleka yote hayo kwa mpangilio wake. Mama Faith alisikiliza, akautazama mtumbwi kwenye skrini uliokuwa umepinda vibaya, kama anayepiga hesabu za upepo.

"Mwambie mkwe abaki pale pale," alisema. "Kwanza aniambie jambo moja. Hii mashine inafundisha ubongo kitu unachokosa, si ndiyo? Sasa mimi nikikaa peke yangu mtumbwi umenyooka. Hilo nalijua tayari, la nini kulifanyia mazoezi? Kinachonishinda kiko nyuma ya pazia. Basi tufanyie mazoezi hicho."

Bagenda aliandika maneno hayo kama alivyoyasikia. Katika vitabu vyote alivyosoma na barua pepe zote alizoandika, hakuna aliyemwambia jambo la maana kama hilo.

Wakaanza upya kweli. Siku ya kwanza pazia lilibaki limefungwa, na kazi ya Mama Faith ilikuwa moja tu, kuunyoosha mtumbwi huku akijua nani yuko nyuma. Siku ya pili alimwagiza Angela alifungue shibiri moja. Mtumbwi ukapinda, akautazama tu, hakuusukuma, hakuukasirikia. Ukarudi. Siku ya tatu shibiri mbili. Siku ya nne ukaonekana mkono wa Bagenda juu ya kibodi, na mistari ikapanda mpaka juu kabisa, na ikachukua dakika kumi na mbili kushuka, lakini ilishuka.

"Mwambie mkwe akohoe," alisema siku ya tano.

Bagenda, aliyekuwa ameapa kutokohoa tena maishani, alikohoa kwa woga.

"Hicho si kikohozi. Mwambie akohoe kama zamani."

Akakohoa kama zamani. Mtumbwi ukayumba upande wa kushoto, ukasita, ukanyooka.

"Tena."

Siku ya mwisho pazia lilikuwa nusu wazi. Bagenda angeweza kuona bega la mama mkwe wake na nusu ya kichwa chake chenye waya, na alijilazimisha kutazama kompyuta. Mama Faith hakugeuza shingo hata mara moja. Mtumbwi ulikwenda umenyooka dakika ishirini na tano. Alipofutwa jeli alisimama, akaweka sawa gauni lake, na kabla ya kutoka akatoa agizo.

"Mwambie mkwe Jumamosi aje. Asimame mbele kabisa, pale ninapoweza kumwona. Na mdomo wake aufunge."

Jumamosi Mwaloni ilijaa. Watu walikaa juu ya mapipa, juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, juu ya paa za mabanda, na mshereheshaji alikuwa na spika zile zile mbili. Alipomwona Bagenda alimnyooshea kipaza sauti kwa tabasamu, na Faith akakisukuma mbali kwa kiganja. Bagenda akasimama mahali maji yanapoishia, mikono nyuma, meno yameumana. Kikundi cha Mwaloni kikapita mbele yake kikielekea kwenye mtumbwi. Mama Faith akapita naye, kitenge kimefungwa juu ya magoti, fundo kubwa kiunoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bagenda alimwacha mkubwa wake apite bila kumsalimia. Ilimwuma mpaka masikioni.

Filimbi ikalia. Mitumbwi saba ikatoka. Mwaloni hawakuanza vizuri, maana akina mama wa Kayenze walikuwa wamefanya mazoezi tangu Juni na walitangulia kwa mtumbwi mzima, na wengine wawili wakawafuata. Mhoja alianzisha wimbo, ule usio wa kanisani, na makasia kumi yakaingia majini pamoja. Polepole wakawapita wa tatu, kisha wa pili. Mbele yao boya jekundu lilikuwa linacheza kidogo juu ya maji.

Bagenda alijua kitakachotokea kwenye boya, kwa sababu alikuwa amekipiga hesabu wiki nzima. Mtumbwi ukizunguka, anayekaa nyuma anageukia ufukweni. Kwa muda wa pumzi tatu au nne lazima atazame watu. Na mbele ya watu wote alikuwa amesimama yeye.

Ukaanza kuzunguka. Mama Faith akatokea, mdogo kule mbali, amesimama nusu, kasia kwapani. Akamwona. Bagenda alijua amemwona, kwa sababu kichwa chake kilitulia palepale. Salamu ilimpanda Bagenda kooni, akaimeza. Faith alikuwa ameshika mkono wa shati lake kwa nguvu. Kule kwenye maji magoti yalikuwa wazi, mkwe alikuwa mbele, ziwa lote lilikuwa linatazama, na kasia halikutikisika. Mtumbwi ulilizunguka boya kwa karibu kiasi kwamba Mhoja angeweza kuligusa kwa kiwiko, na ukatoka upande wa pili umenyooka.

Kayenze walishinda. Mwaloni walikuwa wa pili, nyuma kwa nusu mtumbwi, na hakuna aliyejali, maana kwa jinsi walivyolizunguka lile boya hata watu wa Kayenze walipiga makofi. Mhoja alisimama kabla mtumbwi haujafika, karibu awazamishe wote.

"Hilo kasia ni lake mpaka alichoke mwenyewe," alitangaza, na kwa sauti yake hakuhitaji spika. "Na kama kuna mtu ana neno juu ya akili ya huyu dada, aje aniambie mimi hapa."

Akina mama wakaanza kuruka majini, mmoja mmoja, wakicheka na kushikana mabega. Mama Faith alibaki wa mwisho. Alitembea kutoka nyuma mpaka mbele ya mtumbwi, akaokota kamba ya kuvutia, akatazama nani wa kumpa. Vijana wawili walinyoosha mikono. Angela, aliyekuwa amesimama kando na kidaftari chake, alisogea hatua moja, kwa mazoea, akisubiri kuambiwa neno la kupeleka.

Mama Faith aliwapita wote kwa macho.

"Bagenda," alisema.

Alikuwa hajawahi kulitamka jina hilo mbele yake. Bagenda aliingia majini na viatu vyake na soksi zake, maji yakamfika magotini, na akasimama mbele ya mtumbwi bila kujua atazame wapi. Kamba ikaja mikononi mwake. Upande mmoja alishika yeye, upande mwingine alishika mama mkwe wake, na katikati yao palikuwa na kama hatua tatu.

"Vuta, mwanangu," Mama Faith alisema, akimtazama usoni. "Nimechoka, nataka kushuka."

Bagenda akavuta.